SOMO LA SOKO: Parachichi lililokomaa hujulikana kwa mizani, si kwa macho

Mfanyabiashara anayenunua mahindi Makambako huuma punje kujua kama zimekauka. Anayenunua maziwa Iringa hutumbukiza laktomita kabla hajalipa. Kahawa ya Mbozi huonjwa na kupangwa madaraja kabla ya kufika mnadani. Lakini parachichi aina ya Hass, ambalo limeingiza fedha nyingi katika mashamba ya Rungwe, Njombe, Mufindi na Kilolo, bado hununuliwa na wengi kwa kutazamwa tu: ukubwa wake, rangi yake na uzito wake mkononi.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tunda changa na tunda lililokomaa, yote mawili yakiwa mtini, ni ya kijani na ni magumu. Tofauti yake hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mbali na shamba, wakati fedha ya mkulima imekwisha kulipwa, lori limelipwa na kontena limefika kwa mnunuzi. Somo la wiki hii linahusu kipimo kimoja kilichotoka maabara, ambacho mfanyabiashara mdogo anaweza kukifanya mwenyewe mezani kwake kabla hajatoa hata shilingi moja.

KUKOMAA SI KUIVA

Kiswahili kina maneno mawili ambayo katika biashara hii hayapaswi kuchanganywa: kukomaa na kuiva. Embe hukomaa mtini na linaweza kuivia huko huko. Parachichi sivyo. Parachichi hukomaa mtini lakini halilainiki hadi likatwe. Mkulima anaweza kuliacha likining'inia kwa miezi baada ya kukomaa nalo likabaki gumu. Likishachumwa, kasi yake ya kupumua hupanda, hutoa gesi iitwayo ethilini, na baada ya siku kadhaa hulainika. Hass, kwa asili yake, hubadilika rangi wakati huo kutoka kijani hadi zambarau iliyokoza au nyeusi.

Ikiwa tunda lilichumwa kabla ya kukomaa, safari hiyo haikamiliki. Ganda husinyaa, nyama hubaki kama mpira au hulainika upande mmoja tu, ladha huwa ya maji, na mara nyingi uozo huanzia kwenye kikonyo. Hakuna namna ya kuvundika itakayoliponya tunda la namna hiyo. Wakazi wa Rungwe, ambao kwa vizazi wamevundika ndizi, wanalijua jambo hili vema: ndizi iliyokatwa changa mno haivundikiki ikawa tamu, hata ikifunikwa vipi.

Sababu iko ndani ya nyama ya tunda. Kadiri parachichi linavyokomaa, mafuta huongezeka na maji hupungua, na jumla ya maji na mafuta hubaki karibu ile ile. Kwa hiyo mtu akikausha kipande cha nyama hadi maji yote yaishe, kile kinachobaki humwonyesha tunda limefikia wapi. Kinachobaki ndicho kiitwacho uzito mkavu. Wanunuzi wa nje hukiita drai mata, na neno hilo sasa limezoeleka hata katika vituo vya kukusanyia matunda.

KIPIMO KILIVYOPATIKANA

Tatizo la tunda changa si la Nyanda za Juu Kusini peke yake. Jimbo la California nchini Marekani lililipata mapema karne ya 20, wakulima walipokimbilia bei nzuri ya mwanzo wa msimu na kuwauzia walaji matunda yasiyolika. Walaji wakaanza kulikimbia tunda lenyewe. Mwaka 1925 jimbo hilo likaweka sheria kwamba parachichi lisiuzwe mpaka liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 8.

Kipimo cha mafuta kilikuwa sahihi lakini kilikuwa kizito. Kilihitaji maabara, kemikali na mtaalamu. Mwaka 1983 watafiti wa California, wakiwamo S. K. Lee na C. W. Coggins, walichapisha utafiti uliolinganisha tarehe za kuchuma, uzito mkavu na ubora wa tunda baada ya kuiva. Utafiti huo ulithibitisha kwamba uzito mkavu unaweza kuchukua nafasi ya kipimo cha mafuta. Tangu hapo kazi iliyohitaji maabara ikaweza kufanywa kwa mizani na oveni. Kwa Hass, California iliweka kiwango cha chini cha asilimia 20.8. Kiwango cha kimataifa kinachotumika katika biashara ya Ulaya ni asilimia 21 kwa Hass na asilimia 20 kwa Fuerte. Wanunuzi wengi huweka masharti yao juu ya hapo, kwa kuwa 21 ni mpaka wa chini wa kukubalika na si alama ya ubora.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: namba iliyopimwa California inahusu nini mti wa Tukuyu? Jibu liko katika historia ya Hass yenyewe. Aina hiyo ilitokana na mti mmoja uliooteshwa kwa mbegu na Rudolph Hass, aliyekuwa mpeleka barua huko California, naye akauandikisha kwa hataza mwaka 1935. Mti ule mama ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, lakini kila mti wa Hass duniani, pamoja na ule wa Rungwe na wa Kilolo, ni kikonyo chake kilichobebeshwa kizazi baada ya kizazi. Kwa maana hiyo ni mti mmoja uliosambaa duniani. Hali ya hewa hubadilisha tarehe ya kukomaa, lakini haigeuzi Hass kuwa tunda jingine.

Parachichi la kienyeji ni habari tofauti. Kila mti ulioota kwa mbegu ni aina ya pekee, na jirani yake anaweza kuwa na mafuta mengi au machache kuliko yeye. Ndiyo maana namba moja haiwezi kutumika kwa miti yote ya kienyeji, na ndiyo maana soko la nje huulizia Hass kwa jina.

JINSI YA KUPIMA

Vifaa ni vinne: kisu, kifaa cha kukwangulia karoti, mizani ndogo ya gramu na oveni ya maikrowevu. Oveni ya kawaida ya umeme pia hufaa, ila huchukua saa nyingi zaidi.

Mizani ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Ikiwa sampuli ni gramu 10 na mizani husoma hatua ya gramu 0.1, basi kila hatua ni sawa na asilimia 1 nzima. Mizani hiyo haiwezi kutenganisha kwa uhakika tunda la asilimia 20.6 na la 21.4, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mzigo kukubaliwa au kukataliwa. Inafaa mizani inayosoma gramu 0.01, mfano wa zile zinazotumiwa na wanunuzi wa dhahabu wa Chunya na masonara wa mjini. Asiyekuwa nayo aongeze sampuli ifike gramu 30 au zaidi ili kosa lipungue.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Kuchagua matunda. Yachumwe matunda 10 kutoka miti mbalimbali ya sehemu moja ya shamba, pande zote za mti, yenye ukubwa wa kawaida wa mzigo unaotarajiwa. Mwenye shamba asichague peke yake, wala mnunuzi asichague peke yake.

2. Kukata. Kila tunda lipasuliwe kwa urefu, mbegu itolewe pamoja na utando wake, na ganda limenywe. Inayopimwa ni nyama tupu. Kipande cha ganda au cha utando wa mbegu kikiingia, hesabu huharibika.

3. Kukwangua na kupima. Nyama ikwanguliwe iwe nyembamba, ipimwe gramu 10 juu ya sahani ambayo uzito wake umeandikwa kwanza. Kazi hii ifanywe haraka, kwa sababu nyama iliyokwanguliwa huanza kupoteza maji mara moja.

4. Kukausha. Sahani iwekwe katika maikrowevu kwa moto mdogo, itolewe, ipimwe, irudishwe tena. Kazi inakwisha pale uzito usipobadilika tena kati ya vipimo viwili. Moto mkali huunguza mafuta, na sampuli iliyotoa moshi au kugeuka nyeusi itupwe, kwa kuwa itaonyesha uzito mkavu mdogo kuliko ukweli.

5. Kupiga hesabu. Uzito uliobaki ugawanywe kwa uzito wa mwanzo, kisha uzidishwe kwa 100. Gramu 10 zikibaki gramu 2.35, uzito mkavu ni asilimia 23.5 na tunda limevuka mpaka. Zikibaki gramu 1.90, ni asilimia 19 na tunda hilo bado.

Kila tunda lipimwe peke yake na liandikwe peke yake. Hapa wengi huteleza. Chukua mfano wa matunda matano yenye asilimia 25, 24, 23, 19 na 19. Wastani wake ni 22, na mtu anayeangalia wastani ataona mzigo umepita. Lakini matunda mawili kati ya matano ni machanga, na hayo mawili ndiyo yatakayosinyaa dukani. Mnunuzi makini husoma kwanza namba ya chini kabisa, kisha wastani.

Yapo mambo mawili yanayoweza kumdanganya mpimaji. La kwanza ni mvua. Tunda lililonyeshewa sana hubeba maji zaidi na kipimo chake hushuka, kwa hiyo vipimo vya wiki mbili vilinganishwe katika hali ya hewa inayofanana. La pili ni muda. Tunda lililokaa siku tatu juani limekwisha kupoteza maji, nalo litaonekana limekomaa kuliko lilivyokuwa mtini. Kipimo kifanywe siku ile ile ya kuchuma.

Zipo pia dalili za shambani zinazosaidia kabla ya mizani. Utando unaofunika mbegu ya tunda changa ni mnene na mweupe, ilhali wa tunda lililokomaa huwa mwembamba, wa kahawia na mkavu kama karatasi. Ganda la Hass lililokuwa likimeta hufifia. Dalili hizi zinafaa kumwambia mtu asipoteze muda kupima shamba ambalo bado kabisa, lakini hazitoshi kulipia fedha.

TUKUYU SI NJOMBE

Mkoa wa Njombe ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, na wafanyabiashara wengi bado huuchukulia ukanda wote kuanzia Kilolo hadi Rungwe kama soko moja lenye msimu mmoja. Kwa parachichi, mazoea hayo ni ya hatari.

Tukuyu iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Rungwe hushuka chini zaidi kuelekea Kyela. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, na Mafinga nayo iko juu. Penye joto, tunda la Hass hukomaa mapema zaidi tangu ua kutunga. Penye baridi huweza kuchukua karibu mwaka mzima. Kwa hiyo tarehe iliyofaa kuchuma bondeni haimhusu mkulima wa mlimani, hata kama wote wawili walipata miche kitalu kimoja.

Kuna ugumu mwingine. Katika nyanda za juu za ukanda huu wa tropiki, mti mmoja unaweza kutoa maua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Matokeo yake ni tawi moja kubeba matunda ya rika mbili, yaliyokaribiana kwa ukubwa lakini yakitofautiana kwa miezi. Wachumaji wanaolipwa kwa kreti huchuma yote. Wakulima waangalifu hufunga utepe wa rangi kwenye matawi wakati wa maua, rangi moja kwa kila wimbi, ili mchumaji ajue achume lipi na aache lipi. Utepe huo ni wa bei ndogo sana ukilinganishwa na kreti moja iliyokataliwa.

Pamoja na hayo, bei yenyewe huwavuta watu kuchuma mapema. Soko la Ulaya hulipa vizuri pale mizigo inapokuwa michache, kabla matunda ya Peru hayajafurika. Kila siku ya kuwahi huonekana kama faida. Mkulima naye ana sababu zake: ada za shule, hofu ya wezi wa usiku, na dalali aliyesimama mlangoni na fedha taslimu. Lakini mnunuzi wa Ulaya aliyeuziwa tunda la mpira hulikumbuka jina la nchi lililoandikwa kwenye boksi, na msimu unaofuata bei hushuka hata kwa yule aliyechuma kwa wakati. Kenya, yenye biashara kubwa zaidi ya zao hili, imelazimika katika miaka ya karibuni kusimamisha usafirishaji wa Hass kwa meli kila mwisho wa mwaka, na kuufungua baada ya ukaguzi wa ukomavu.

HESABU YA HASARA

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, na bei zake si bei za soko la wiki hii. Mfanyabiashara ananunua kilo 5,000 kwa sh. 1,500 kila kilo, yaani sh. 7,500,000. Usafiri, kreti na vibarua ni sh. 1,000,000. Jumla ametoa sh. 8,500,000. Kituo cha kufungashia hulipa sh. 2,200 kwa kilo iliyokubaliwa, na iliyokataliwa huuzwa kwa bei ya kutupa ya sh. 400.

Ikiwa asilimia 5 tu imekataliwa, kilo 4,750 zinampa sh. 10,450,000 na kilo 250 zinampa sh. 100,000. Jumla ni sh. 10,550,000 na faida ni sh. 2,050,000.

Ikiwa asilimia 30 imekataliwa, kilo 3,500 zinampa sh. 7,700,000 na kilo 1,500 zinampa sh. 600,000. Jumla ni sh. 8,300,000. Mtu huyu amepata hasara ya sh. 200,000 kwa mzigo ule ule, barabara ile ile na jasho lile lile.

Kila kilo inayohama kutoka upande wa kukubaliwa kwenda upande wa kukataliwa humgharimu sh. 1,800. Katika mfano huu faida yote inakwisha pale kukataliwa kunapofikia karibu asilimia 28. Kwa upande wa pili wa mizani kuna gharama ya kipimo: matunda kumi, umeme kidogo na asubuhi moja.

Wapo wanaojifariji kwamba tunda lililokataliwa litakwenda kiwanda cha mafuta. Faraja hiyo ni ya nusu. Tunda lenye mkwaruzo au umbo baya lina mafuta yake yote, na mkamuaji hulipokea. Tunda lililokataliwa kwa uchanga limekataliwa kwa sababu hiyo hiyo ya mafuta kuwa machache, na mkamuaji mwenye akili halilipii sawa na jingine.

BAADA YA KUCHUMA: BARIDI NA ETHILINI

Kipimo kizuri huweza kuharibiwa na saa chache za uzembe. Tunda likatwe kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi, lisivutwe wala mti usitikiswe. Lisichumwe likiwa limelowa, lisikae juani, na lifike chumba cha baridi siku hiyo hiyo. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 830, na tunda lililopanda lori likiwa na joto la mchana hupumua njia nzima.

Katika baridi ya nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi, Hass hulala. Hapa pia ukomavu huingia: matunda ya mwanzo wa msimu, ambayo ndiyo kwanza yamevuka mpaka, huumizwa na baridi kali upesi kuliko yale ya katikati ya msimu, na huhitaji nyuzi za juu kidogo. Safari ndefu huongeza adhabu. Tangu Desemba 2023, kampuni kubwa za meli zilipoanza kuikwepa Bahari Nyekundu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulizi, wasafirishaji wa Afrika Mashariki walijifunza kwamba mzigo uliokuwa na udhaifu mdogo ungeweza kuvumilia safari fupi lakini si ile ya kuzunguka bara zima.

Gesi ya ethilini nayo ni ya kuchungwa. Ndizi zilizoiva huitoa, na lori linalobeba ndizi za Tukuyu pamoja na kreti za parachichi huvundika parachichi njiani bila mwenye mali kujua.

Somo hilo linawahusu vilevile wanaootesha maua ya kuuza. Ua la kanesheni likikutana na ethilini hujikunja na kufumba kama limelala, nalo halifunguki tena. Mwaka 1978 watafiti wa Uholanzi, H. Veen na S. C. van de Geijn, walionyesha kwamba dawa ya chumvi ya fedha, silva thiosalfeti, ikinywewa na shina lililokatwa huzuia athari hiyo na kulirefushia ua maisha. Lakini hata dawa hiyo haiondoi kanuni ya ukomavu. Waridi likikatwa likiwa tumba changa mno, shingo hupinda na ua halichanui chomboni. Hata pareto ya Mufindi, ambayo ni ua lililo ndugu wa maua ya bustani, hubeba sumu nyingi ya kuulia wadudu pale linapochanua vizuri kuliko likiwa tumba. Katika mazao yote haya, siku ya kukata ndiyo inayoamua thamani, na baridi, dawa na boksi zuri huhifadhi tu kile kilichokwisha kupatikana shambani.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Mwekezaji asiye na shamba anaweza kudhani somo hili ni la wakulima. Sivyo. Yeyote anayeweka fedha katika biashara ya parachichi, iwe kwa kununua mizigo, kukopesha wakulima au kuchukua hisa katika kituo cha kufungashia, anaweka fedha katika namba hii. Kabla ya kutoa fedha anashauriwa kuuliza maswali manne.

Kwanza, nani anapima na kwa mizani gani? Kituo kisichoweza kuonyesha daftari la vipimo vya msimu uliopita, shamba kwa shamba na wiki kwa wiki, kinafanya biashara kwa kubahatisha. Daftari la misimu mitatu ni mali, kwa kuwa humwonyesha mnunuzi lini kila kijiji hukomaa, na humwezesha kukodi lori na kuagiza kreti kwa wakati.

Pili, mkataba unasemaje? Maneno "matunda bora" hayana maana mbele ya mgogoro. Mkataba utaje asilimia, idadi ya matunda ya sampuli, nani atakuwapo wakati wa kupima, na kipimo cha marudio kikigombana na cha kwanza kitafanywa na nani.

Tatu, cheti kinasema nini? Cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, kinahusu wadudu na magonjwa. Hakimwambii mnunuzi kwamba tunda limekomaa. Wapo waliodhani karatasi moja inatosha kwa yote.

Nne, mkulima analindwaje asichume mapema? Kumkemea hakusaidii ikiwa ada ya mtoto inadaiwa. Mnunuzi anayepima na kukuta asilimia 19 anaweza kulipa malipo ya awali kidogo, akaandika tarehe ya kurudi kupima, na kuuacha mzigo mtini. Parachichi lina sifa ambayo nyanya na kabichi hazina: mti wenyewe ni ghala, na hautozi kodi ya pango. Kipimo kikipanda hadi 23 wote wawili wamefaidika, maana tunda nalo limeongezeka uzito.

Vifaa vya kupimia vinaweza kumilikiwa na chama cha msingi cha ushirika au kikundi cha wakulima ishirini kwa pamoja. Kwa ushauri wa miche, udongo na magonjwa, kituo cha utafiti cha TARI Uyole kiko mlangoni mwa jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu, na TARI Tengeru mkoani Arusha ndiyo yenye utaalamu wa mazao ya bustani. Chama cha wadau wa mazao hayo, TAHA, chenye makao yake Arusha, hushughulika na masoko na masharti ya wanunuzi.

KWA KIFUPI

Parachichi hukomaa mtini na kuiva baada ya kuchumwa. Jicho haliwezi kuona kukomaa. Mpaka wa chini wa Hass katika soko la kimataifa ni asilimia 21 ya uzito mkavu. Tunda lipimwe siku ya kuchumwa, kila moja peke yake, na namba ya chini isomwe kabla ya wastani. Kila mwinuko una tarehe yake, na kila wimbi la maua lina mavuno yake.

Aliye na shaka na mizani afanye jaribio rahisi zaidi: achukue matunda sita ya shamba analotaka kununua, ayaweke juu ya kabati siku kumi hadi kumi na nne, kisha ayakate. Yakilainika sawasawa na ganda likabaki laini, anunue. Yakisinyaa, amshukuru mkulima na arudi baada ya wiki tatu na fedha yake ikiwa bado mfukoni.